Uwele wa Alhamisi

Majina ya wote nitakaowasema hapa ninayo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mtu akinitajia jina lake mara moja tu, limeingia, halitoki tena. Hata mbuzi wa jirani zetu wa Chamazi naweza kuwataja mmoja mmoja. Ila nimeamua kuyaacha. Wengine wametangulia mbele ya haki, na waliobaki hawajanipa ruhusa. Nitamwita kila mtu kwa kazi yake au kwa undugu wake, na msomaji atanisamehe. Ninachotaka kusimulia ni habari ya uwele, na jinsi mama mkwe wangu alivyotaka kufa njaa ndani ya nyumba yenye unga tele.

Chamazi ya wakati ule ilikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo, nyumba moja hapa, nyingine kule. Mume wangu alikuwa anafanya kazi bandarini, anaondoka alfajiri anarudi jua linazama. Sote wawili ni Wanyamwezi, lakini mie nililetwa mjini bado msichana, nikalelewa na shangazi, kwa hiyo Unyamwezi wangu ulikuwa wa salamu tu. Mume wangu ndiye aliyekulia kwao, akachunga na kulima.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Aliyeishi miaka ya nyuma yake ananielewa. Tulishapanga foleni ya unga mpaka mtu anaanguka kwa jua. Tulishakula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, unaonuka gunia hata ukiupikia samaki. Sasa maduka yakafunguka. Sembe nyeupe, mchele wa ng'ambo, ngano, sukari, vyote vimepangwa mbele yako, ni wewe na mfuko wako. Watu tukaupenda weupe kama vile tumeoa. Ukipika ugali wenye rangi, jirani anachungulia sufuria, anakuuliza kwa huruma, "Kwenu kumekucha salama?"

Ndipo baba mkwe akafariki huko kwao. Mama mkwe akabaki peke yake kwenye nyumba iliyoanguka ukuta mmoja, watoto wake wametawanyika, na jirani wa karibu ni mwendo. Mume wangu akamfuata. Mama alishuka stesheni na kitenge kimoja, fimbo, na gunia la uwele lililojaa nusu, ambalo hakukubali mtu alibebe kabla yeye hajaliona limewekwa vizuri begani.

Nikamwambia, "Mama, Dar chakula kipo. Ungejitaabisha nini?"

"Kipo chenu," akasema. "Hiki changu."

Nikalisukuma lile gunia uvunguni, nikapika ugali wa sembe na samaki wa kukaanga, nikamkaribisha. Alimega tonge, akalifinyanga, akalitazama pande zote, kisha akalirudisha kwenye sinia. Akala samaki.

"Mama, haujaiva?"

"Umeiva, mwanangu. Ila chakula hiki kimekobolewa mpaka kimesahau jina lake. Kinaingia tumboni kinapiga hodi, hapo hapo kinaaga."

Nikajisemea, atazoea. Kesho yake nikapika wali. Akala kijiko cha mtoto. Siku iliyofuata viazi. Akasema asante. Mama huyu hakuwa mtu wa kununa, alikuwa anacheka na wajukuu, anafagia uwanja, lakini sahani yake inarudi jikoni kama ilivyotoka. Kitenge alichokuwa anakifunga mara moja akawa anakizungusha mara mbili. Siku moja jioni akamwambia mwanawe mbele yangu, taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi:

"Mwanangu, hapa mmenipokea vizuri. Lakini gunia langu likiisha mie sijauona ugali wangu, nipandishe treni. Nikafie penye uwele."

Nikamtazama mume wangu. Usoni niliona anauona ule ukuta ulioanguka. Angekwenda kukaa na nani kule? Na kuku? Mie nami nilikuwa na hofu yangu ya mke: mawifi wangu watasema nini? Watasema kaenda kwa mwanawe mzima, karudi mifupa.

Basi nikalitoa gunia uvunguni.

Uwele si mahindi. Punje zake ndogo, mchanga unajificha ndani yake kama nduguye. Unaupepeta, unaupapasa kwenye ungo, unaurashia maji kidogo, unautwanga kinuni ngozi ya juu itoke, unaupepeta tena, ndipo uanikwe mpaka ukauke. Mama alikaa pembeni ananielekeza, na kwa mara ya kwanza tangu afike niliona mikono yake ina haraka. Bahati mbaya ilikuwa masika. Jua linatoka linaingia kama mgonjwa wa tumbo. Tulianika, tukaanua, tukaanika, mwisho nikaona umekauka, nikaupeleka mashineni.

Mashine ilikuwa moja tu pale kwetu, ya dizeli, chini ya banda la mabati. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kizaramo mpole, kazi yake injini. Aliyeitawala foleni ni mkewe. Mama wa mashine, ndivyo tulivyokuwa tukimwita, mwanamke mnene wa khanga mbili, kigoda chake kiko mlangoni, na hakuna anayepita bila neno lake. "Wewe mahindi yako yana wadudu, unataka nikusagie kitoweo?" Watu wanacheka, foleni inasogea.

Siku ile hakuuliza nimebeba nini. Nikamimina, ukasagwa, nikakinga unga wangu wa kijivu, nikaondoka mbio maana mawingu yalishakusanyika. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja, anamwoza binti yake Jumapili. Alikuwa ameleta mchele uliolowekwa na kuanikwa, usagwe kwa ajili ya vitumbua na mkate wa kumimina. Kumbe uwele wangu ulikuwa na unyevu, unga wake ukagandia tumboni mwa mashine. Mchele ulipopita ukautoa wote. Unga wa harusi ukatoka na madoa kama yai la kanga.

Kelele zake nilizisikia nikiwa nyumbani.

Ule unga wetu wenyewe, kwa unyevu ule, kufika kesho yake ulishachacha, tukawapa kuku. Niliporudi mashineni na uwele mwingine, mama wa mashine alisimama, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

"Nini hicho?"

"Uwele, mama. Safari hii nimeuanika sana."

"Hata ungeukaanga! Uwele hausagwi hapa. Mashine hii ya sembe, ya mpunga, ya vyakula vya watu."

Foleni nayo ikapata la kusema. "Tumetoka kwenye njaa jamani, mnaturudisha?" Mwingine, "Huo si wa njiwa huo?" Nikafunika ungo wangu na khanga, nikarudi.

Nikajaribu kutwanga kwa kinu mpaka uwe unga. Nilitwanga, nikachunga, nikatwanga chenga, mabega yakaniwaka. Ugali ukatoka wa chengachenga, mama akaumeza kwa heshima yangu, na hilo liliniuma kuliko angekataa. Akasema, "Tafuta jiwe, mwanangu. Nitasaga mwenyewe." Jiwe? Chamazi ni mchanga mtupu. Unachimba choo mpaka maji, hukutani na jiwe la kumtupia kunguru. Mume wangu akarudi siku moja kutoka kazini na kipande cha zege alichokiokota walipobomoa ukuta, ana furaha kama kaleta nyama. Mama akasaga, tukapika, tukala. Mwanangu wa kwanza akasema ugali una ladha ya nyumba mpya. Kipande kile kikawa cha kuzuia mlango.

Na gunia linapungua. Kila nilipochota, nilisikia sauti ya treni.

Asubuhi moja, tunachambua mboga, mama akaniuliza, "Huyo anayekukatalia mashine ni kabila gani?"

"Mzaramo, mama. Wa hapa hapa."

Akaacha mboga. "Mzaramo?"

"Ndiyo."

"Mzaramo, na wewe unapiga magoti kumbembeleza? Kumbe nakaa na njaa mlangoni kwa mtani wangu!" Akatafuta fimbo. "Twende. Beba uwele."

Nikajaribu kumzuia. Mie utani wa makabila yetu mawili nilikuwa naujua wa msibani tu, pale watani wanapofika kuwachekesha wafiwa na kudai vitu vya marehemu. Sikujua kama unafika mpaka mashineni. Lakini yeye alishatoka, kitenge kakizungusha mara mbili, anakwenda kama mtu anayewahi soko.

Tulikuta foleni ndefu, na kwa mkosi wangu, yule mama wa vitumbua yumo. Mama mkwe akapita pembeni ya wote mpaka mlangoni.

"Nani mwenye mashine hii?"

Mama wa mashine akainua macho. "Mie hapa. Shikamoo, bibi."

"Shikamoo yako kaa nayo. Wewe Mzaramo?"

"Wa kuzaliwa. Kitovu changu kimezikwa chini ya mkorosho ule. Kwani vipi?"

"Mie Mnyamwezi. Babu yangu alitoka Unyamwezi kwa miguu na mzigo begani mpaka pwani hii, akafika kwenu amekauka koo, mkamnyima maji."

Nikaona uso wa mama wa mashine unabadilika, hasira zimetoka, kaingia mtu mwingine kabisa.

"Hatukumnyima!" akasema. "Tulimpa maji na samaki, akala mpaka miiba, kwa kuwa hajawahi kumwona!"

"Mkamnyima maji! Na leo wewe mjukuu wao unaninyima unga. Basi nimekufa."

Akatandika khanga pale pale mlangoni, akalala chali, akafumba macho, mikono kifuani. Miguu imezuia njia, hakuna wa kuingia wala wa kutoka. Mie nilitamani ardhi ipasuke. Mzee wa injini akapunguza moto wa mashine aone kuna nini.

Mama wa mashine akashika kichwa, akaangua kilio. "Uwiii! Jamani mtani wangu! Kaja kunifia mlangoni na miguu yote hii! Nitapata wapi kaburi la kumtosha?" Akakung'uta ubao wa mashine, akachota vumbi la sembe kwa viganja viwili, akammwagia mama usoni. "Tumpake, asiende akhera na rangi ya uwele!"

Maiti akapiga chafya.

"He! Maiti gani anapiga chafya?" mtu akauliza kwenye foleni.

"Maiti wa njaa," maiti akajibu, macho kafumba. "Wa njaa hafi wote kwa mara moja. Pua hubaki inatafuta jikoni."

Watu wakaachia vyombo kwa kicheko. Ila mama wa vitumbua hakucheka. Akajisogeza mbele, mikono kiunoni. "Na unga wangu wa harusi je? Uliotiwa madoa na huo uwele?"

Maiti akafumbua jicho moja. "Vitumbua ulipika?"

"Nilipika, ningefanyaje?"

"Vikaliwa?"

"Vikaliwa."

"Vikabaki?"

Yule mama akababaika. "Havikubaki," akasema. "Wageni walidhani nimetia ufuta." Hapo kicheko kikamshinda naye, akakaa chini, akaanza kujipangusa machozi kwa ncha ya ushungi.

"Simama sasa, mtani," akasema mama wa mashine. "Nina wateja."

"Maiti hasimami bure. Nikomboe."

"Unataka nini?"

"Uwele wangu usagwe."

Mama wa mashine akamgeukia mumewe. Yule mzee, ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno mengi, akafuta mikono kwa kitambaa. Akasema tatizo si uwele, tatizo ni unyevu, na ni anayefuata nyuma yake. Kila Ijumaa asubuhi yeye huifungua mashine, huisugua ndani kwa brashi, halafu hupitisha pumba kavu, ndipo aende msikitini. Kwa hiyo mtu wa uwele aje Alhamisi baada ya alasiri, wa mwisho kabisa, asiwepo wa kumharibia.

"Umesikia, maiti?" akasema mama wa mashine, anamnyanyua kwa kwapa. "Alhamisi. Na ukauke. Ukiniletea wa maji nakuzika kweli, na matanga sifanyi."

"Nitaukausha mpaka ulie," akasema mama, sembe imemjaa kwenye nyusi.

Na aliukausha. Mvua zikatupa nafasi, tukaanika juu ya mkeka, yeye kakaa na fimbo anafukuza kuku siku kutwa, na kila mara anatia punje mdomoni. Ukivunjika kwa mlio, tayari. Ukinyamaza kwenye jino, bado. Alhamisi alasiri tukaenda wawili. Unga ukashuka mwepesi, wa moto, wa kijivu chenye ukijani kwa mbali. Mama akatia mkono ndani ya debe akauacha humo, kama mtu anayeota moto.

Ugali wa uwele hautaki ubabe. Unakoroga uji kwanza, unauacha utokote mpaka unarusha matone, ndipo unaongeza unga kidogo kidogo huku mwiko hausimami. Ukiumwaga wote kwa mkupuo, unapata mabonge. Ukiiva unang'aa na kuacha sufuria wenyewe. Nilipika na majani ya kunde makavu aliyokuja nayo ndani ya kitenge, nikayatia karanga zilizotwangwa. Mama alimega, akabonyeza kwa dole gumba, akachovya, akatafuna. Akamega tena. Mume wangu alikuwa anamtazama mamake kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Tonge la nne au la tano ndipo akainua kichwa.

"Nyie mbona hamli? Mnaniangalia kwani mie bado maiti?"

Tukala. Watoto walikunja nyuso siku ya kwanza. Baada ya hapo nilikuwa nawafukuza kwenye ukoko.

Alhamisi iliyofuata nilidhani tutakuwa peke yetu tena. Nikakuta mwanamke wa Singida, mke wa askari, na ungo kaufunika khanga vile vile nilivyokuwa nikifunika wangu. Wiki nyingine akaja mama wa Dodoma na mtama. Kisha mwalimu wa kike na ulezi wa uji wa mwanawe. Kila mmoja anafika kwa aibu, akituona anafunua. Kumbe vijungu vyeusi vilikuwa vingi Chamazi, vinapikwa mlango umefungwa.

Na siku moja mama wa mashine mwenyewe akatoa kikapu chini ya kigoda chake. Mtama mwekundu.

"Msiniangalie hivyo," akasema. "Bibi yangu alinilea kwa huu. Mnafikiri Wazaramo tulizaliwa na vitumbua mdomoni?"

Mama mkwe akapiga makofi. "Mwizi kakamatwa!"

Huyo mwizi ndiye aliyetufundisha kuukoboa mtama, kuuchemsha na kunde mpaka upasuke, halafu kuutia tui zito la nazi na chumvi. Mama alisema nazi ni kuharibu chakula. Akaomba aongezwe. Naye akamfundisha mwenzie mlenda. Nyumbani kwangu ikawa asubuhi uji wa ulezi na ndimu, mchana watoto wakitoka shule ugali wa uwele, na sembe ikabaki ya siku za haraka. Mama wa mashine akipita njiani hakuwa anasema hodi kama watu. Alikuwa anapaza sauti toka barabarani, "Maiti hajambo?" Na mama ndani anajibu, "Bado anakula!"

Kitenge kikarudi kufungwa mara moja.

Lakini gunia ni gunia. Nilikwenda soko la Tandika kutafuta uwele wa kuongezea, nikaukuta kwa muuza chakula cha mifugo. Akaniuliza, "Mama, kuku wako wangapi?" Nikamwambia, "Watano, na wawili wanasoma." Aliponipimia niliona umejaa mchanga na vijiti, nyumbani mama akautazama tu, akawapa kuku kweli.

Basi siku ikafika nikachota, mkono ukagusa kitako cha gunia. Nikalikung'uta, zikatoka konzi chache. Nikalikunja nikaliweka kando, nikamwomba Mungu mama asilione. Aliliona. Jioni, mume wangu amerudi, tumekula, mama akaosha mikono, akasema:

"Mwanangu, Jumatatu ukitoka kazini pita stesheni."

Mume wangu akaweka kikombe chini. Mie nikakumbuka yale maneno ya treni, kila neno lilivyotamkwa. Nikaangalia mlangoni, kwenye kile kipande cha zege.

"Kufanya nini, mama?" mume wangu akauliza.

"Kuna gunia linakuja. Nilimtumia mdogo wangu salamu kwa yule kijana wa kazini kwako aliyekwenda kwetu likizo. Zima, si nusu. Na mbegu kaweka kwenye kitambaa, nataka nijaribu hapa nyuma penye mihogo, nione mchanga wenu huu unasemaje." Akatutazama, mara mwanawe, mara mie. "Mbona mmekodoa? Mnataka Alhamisi inikute mikono mitupu? Yule mtani wangu atanizika!"